Maji ya Kumpa Mgeni

Marcelina hakuwa mtu wa kulala na neno moyoni. Tangu mashine za dhahabu zisimikwe kule juu mlimani Kizuka, na mto uanze kuteremka mwekundu mpaka ziwani, alikuwa amekwenda ofisi ya serikali ya komine mara sita. Wakamzoea, wakamcheka: huyo mama wa Tanzania kaja tena. Wacheke tu. Elda, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na maji ya nyumba nzima yalitoka mto huo huo.

Mara ya saba akapata mtu wa kumsikiliza. Leonidasi, mkaguzi wa mazingira, alimweleza kwamba kibali cha mgodi kinaisha mwezi huo, na sheria inataka maji yapimwe kwanza. Yakikutwa na zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu, mgodi unafungwa. Mashine zilikuwa zinaanza alfajiri, na yeye asingefika mapema hivyo kwa barabara ilivyokatwa na mvua, basi akamwachia chupa mbili.

"Chota wakianza kuosha mchanga, mama. Mimi nitapita saa sita."

Alfajiri Marcelina akachota. Akayatazama maji, haya ikamshika. Mazito, rangi ya kutu. Haya kweli ampe mtu wa serikali? Kule kambi ya wakimbizi Tanzania alikolelewa, mgeni hakupewa maji ya matope hata siku nyumba haina chakula. Basi akayamimina mtungini, akayaacha yatulie, kisha akachota ya juu kwa kikombe, polepole, mpaka chupa zikajaa maji meupe. Saa sita akazikabidhi kwa mikono miwili, akatia saini. Moyo wake ulikuwa mwepesi siku hiyo.

Matope laini yaliyobaki chini, Elda aliyakomba kama kawaida yake, akayafinyanga vidonge, akavianika juani. Mimba ilimtia hamu ya udongo, na ule wa sokoni Rumonge alisema una chumvi mno.

Baada ya wiki tatu Leonidasi akarudi. Salamu yake ilikuwa amahoro moja tu, kavu.

"Mama, karatasi inasema maji iko safi. Wamepewa kibali cha miaka mitano, na mashine wanashusha hapa karibu na shamba lako."

"Safi vipi? Mto si unauona?"

"Ndiyo nakuja kuuliza. Ulichota mutoni ukatia moja kwa moja mu chupa?"

"Hapana, baba. Niliyatuliza kwanza. Ningekupa uchafu?"

Leonidasi akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Zebaki inashuka na matope," akasema. "Wewe ulitupatia ya juu."

Safari zote zile, na saini yake mwenyewe ndiyo iliyowafungulia mlango. Marcelina akaomba wapime tena.

"Watakataa, labda niwapelekee matope yenyewe ya siku ile. Yale ya chini ulitupa wapi?"

Marcelina alikuwa amegeuka kutazama uani, ambako Elda alikaa mkekani, shavu moja limetuna, anatafuna kidonge.

"Vimebaki viwili, mama," Elda akasema. "Kimoja nimekuwekea wewe."