Fito za Mashine Namba Tatu

Saa moja na nusu asubuhi Bi Sikio alikuwa ameshafuta meza yake ya kioo, amevuta kigoda na kuanza kazi. Kazi yake ilikuwa kuchagua fito za fimbo za pool: kile kipande cha mbele, chembamba, ambacho mchezaji hukitelezesha kati ya vidole kabla ya kupiga mpira. Kila ufito ulipita mitihani mitatu. Kwanza aliuweka jichoni na kufuata mistari ya mbao kutoka mkiani hadi kichwani. Mstari uliokimbilia pembeni kabla ya kufika ulimaanisha kwamba ufito ungepinda siku moja, hata kama leo unajifanya mnyoofu. Pili aliugonga mkia wake kwenye sakafu ya saruji akasikiliza. Ufito mzima hulia, wenye ufa hukohoa, na hapo ndipo alipopatia jina lake. Tatu aliulaza kwenye kioo akausukuma kwa kidole kimoja, aone kama utabingirika bila kurukaruka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekataa fito za kutosha kuzungushia uzio mtaa mzima, na hata siku moja hakumwomba mtu radhi.

Jumatatu hiyo zilishushwa fito za mdogo wake, mkereza wa kiwanda hicho. Mbao za namna hii hazikerezwi zikaisha siku hiyohiyo. Hukerezwa, kisha huning'inizwa darini wiki saba zitulie, ndipo zinapoletwa kwa mchaguzi. Kwa hiyo fito mia mbili na kumi na mbili zenye alama yake mkiani, mistari miwili ya penseli, zilikuwa zikitulia darini wakati mwenyewe yuko hospitali, na zilishuka yeye akiwa nyumbani bila vidole vinne vya mkono wa kulia. Mashine namba tatu ndiyo iliyovichukua. Vilitafutwa kwenye maranda, ikapatikana pete peke yake.

Ufito wa kwanza ulipita jicho, ukapita sikio. Bi Sikio alipoulaza kwenye kioo haukubingirika. Ulizunguka taratibu kama mshale wa saa, ukasimama kichwa kikiwa kimeelekea ofisi ya Bosi. Akauinua, akaulaza upande mwingine. Ukazunguka, ukarudi palepale. Aliandika kwenye daftari, "Mnyoofu. Unaelekea ofisini," akachukua wa pili.

Kufikia saa nne kulikuwa na fito arobaini juu ya kioo, zote zimeelekea upande mmoja. Wafungaji mizigo walikuja kutazama. Mmoja wao aliona kiti chake kiko katikati ya meza na mlango wa ofisi, akakisogeza ili kisizibe njia, kisha wakarudi kwenye maboksi yao.

Bosi alitoka na pima maji mkononi.

"Meza yako imelalia upande," alisema.

"Pima, Bosi."

Kiputo kilikaa katikati, kikatulia tuli.

"Basi fito ndizo zilizopinda."

"Hazijapinda."

Bosi alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilisema kwamba fito zote za mkereza yule zilikuwa daraja la tatu kwa sababu ya uzembe wake, na chini paliachwa nafasi ya saini ya mchaguzi. Ingeambatanishwa na taarifa ya ajali, iliyosema kwamba mkereza aliiondoa kinga ya mashine yeye mwenyewe na kuipoteza. Kiwanda kizima kilijua kwamba kinga hiyo iliondolewa miaka miwili nyuma kwa amri ya Bosi, kwa kuwa ilipunguza kasi. Kilijua, na kilikuwa kimefyata mkia.

"Weka saini tumalize," Bosi alisema. "Au unataka kumwaga unga kwa ajili ya vijiti? Kuna watu chungu nzima pale getini wanaoitaka kazi yako."

"Waite. Nitawafundisha kuangalia mistari."

Akaulaza ufito wa arobaini na moja kwenye kioo. Nao ukageuka.

Bosi hakupenda kuelekezewa. Mchana aliamuru ofisi yake ihamishiwe upande wa pili wa ukumbi, karibu na stoo ya gundi. Ilibebwa meza, kikabebwa kiti, ikabebwa picha yake akipokea kikombe. Fito hazikutikisika. Bosi alikaa kwenye ofisi mpya, akaagiza chai, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha wapagazi wakaleta toroli lenye kabati la chuma la mafaili, na lilipokuwa likikatiza ukumbi, fito zote zikaligeukia hatua kwa hatua, zikikwaruza kioo. Toroli lilipokwama kwenye nyaya, zilingoja. Lilipofika karibu na stoo ya gundi, zikasimama.

"Kumbe si Bosi," alisema mfungaji mizigo mmoja. "Ni kabati."

Alhamisi alikuja mkaguzi wa kazi, mtu mpole mwenye fomu kwenye ubao. Karani wa ofisi alianza kumsomea taarifa ya ajali, lakini Bi Sikio alimshika mkaguzi kiwiko na kumpeleka mezani.

"Fuata hizi," alimwambia.

Mkaguzi aliinama, akafunga jicho moja kama alivyofanya Bi Sikio kila siku, akafuata mstari hadi kwenye kabati. Aliomba lifunguliwe. Bosi alijipapasa mifuko yote, funguo zikapatikana kwenye ule wa mwisho. Nyuma ya mafaili, ndani ya utando wa buibui, ilikuwepo kinga ya rangi ya njano yenye namba 3 iliyopakwa kwa rangi nyeusi. Skrubu zake zilikuwa kwenye kifuko, na kifuko kina lebo yenye tarehe na saini ya Bosi. Ukumbi mzima uliiona. Mkaguzi akaipangusa vumbi, akaikagua juu na chini, akarudi kwenye fomu yake, na mahali palipoulizwa "Je, mashine ina kinga?" akatia alama kwenye "Ndiyo."

"Iko kabatini!" Bi Sikio alisema.

"Naona, mama. Lakini fomu haiulizi iko wapi."

Bosi akalifunga kabati. Bi Sikio alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto. Alichukua ile karatasi ya daraja la tatu, iliyokuwa ikimngoja mezani tangu Jumatatu, akaichana mara nne mbele ya mkaguzi, akaviweka vipande kwenye ubao wake.

"Na hii, fomu yako inaiuliza?"

Mkaguzi alitafuta, akasema hapana, akaondoka.

Jioni Bi Sikio alipitia kwa mdogo wake. Wifi yake alikuwa akimfunga mume vifungo vya shati, naye ameangalia ukutani kama mtu anayenyolewa. Bi Sikio aliwaeleza yote. Wifi alilaani ukoo mzima wa Bosi. Mdogo wake alingoja amalize.

"Dada, zilikuwa nyoofu?"

"Mia mbili na kumi."

"Na mbili?"

"Zina vifundo. Nimezitupa."

Akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. "Ungezipitisha basi, mimi si ndugu yako?"

"Thubutu! Halafu waseme nakupendelea?"

Ijumaa alizigonga muhuri zote mia mbili na kumi, daraja la kwanza. Bosi aliwauzia wenye kumbi za pool, kwa sababu daraja la kwanza ni daraja la kwanza. Sasa ziko mji mzima. Kwenye kumbi hizo mchezaji akiiweka fimbo mezani ili awashe sigara, inageuka kuelekea kiwandani. Naye huisogeza isiguse mipira, akaendelea na mchezo.

Taarifa ya ajali bado inasema alichosema Bosi. Ila haina karatasi yenye saini ya mchaguzi, wala haitaipata. Bi Sikio alibakiza ufito mmoja. Kila asubuhi, kabla kazi haijaanza, anaulaza kwenye kioo, anaungoja ugeuke, kisha anasimama na kutangaza ukumbi mzima usikie:

"Kabatini!"

"Bado!" wanajibu wafungaji mizigo, wapaka rangi na wakereza, hata yule mgeni aliyepewa mashine namba tatu, na yeye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Ofisini Bosi huongeza kasi ya feni. Mashine namba tatu huwashwa, wazi kama jana, na mkereza mgeni hukunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko.