Merikebu Haikuwa Kijani

Klabuni kwetu wote tunaunda merikebu ileile ya milingoti mitatu, na wote tunaipaka kijani. Tunanakili ile kongwe ya kabatini, iliyoundwa na seremala wa merikebu yenyewe enzi ikisafiri. Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Tunamwita Nahodha, ingawa kivuko tu humtapisha.

Siku ya kufuta vumbi, mimi ndiye niliyeinyanyua ile kongwe kutoka kwenye kitako chake. Pale mbao za kitako zilipoikumbatia, vanishi haikuwahi kufika. Palikuwa na buluu. Buluu tupu! Vanishi ikizeeka hugeuka njano, na njano juu ya buluu, hata mtoto wa chekechea atakwambia inazaa nini.

"Jamani, njooni muone!"

Wakaja, shingo ndefu. Nahodha akanipokonya, akairudisha upesi kama anayefunika chungu kilichoungua.

"Shemeji, usituletee maneno. Tangu lini tunapaka kijani?"

"Tangu zamani. Kosa likizeeka haliwi kweli."

"Haya. Maonyesho ni Jumamosi. Kijani, au nafasi yako mezani naifuta."

Nafasi yenyewe nimeisotea! Misimu chungu nzima naoshea wenzangu vikombe, ndiyo kwanza nimekubaliwa.

Kwangu hakuna siri. Jioni hiyo sebule ilifurika, kila mtu na ushauri wake.

"Paka kijani yaishe, mwenzangu," jirani akasema. "Nani atajua?"

"Mimi."

Mama mkwe akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Huyo Nahodha mwanangu namjua. Utotoni alikuwa akivaa shati nje ndani, anasema nyie ndio mmekosea. Paka ulichokiona, mwanangu."

Nikachanganya buluu na tone la nyeusi mpaka ikawa ile niliyoiona, nikapaka mbele ya wote.

Jumamosi Nahodha akanizuia mlangoni. "Hiyo haiingii."

"Basi."

Nikakaa ngazini, merikebu mapajani. Kila aliyepita aliuliza mbona yangu buluu, nami mdomo sinunui. Nikawaeleza habari ya vanishi, nikawaambia, "Nendeni mkamwombe aitoe ile kongwe kwenye kitako mjionee." Wakaenda. Wengine wakarudi kukaa nami.

Punde Nahodha akatoka, jasho linamchuruzika. "Kila mtu ananiambia inyanyue, inyanyue! Haya, ingia. Ila nitaweka kibao: Rangi ya kubuni."

"Ya kubuni ni hiyo yenu. Andika rangi halisi, au niache hapahapa."

"Utakosa meza, shemeji."

"Meza kaa nayo. Mimi nina watu."

Akatutazama tulivyojaa ngazini, akarudi ndani. Mama mmoja mwenye mkoba mwekundu akaomba niisogeze juani aione vizuri. Nikaisogeza.