Mguu wa Kushoto wa Nusratullo

Tulipu za mwituni zilipochanua, wanawake wa mtaa wa juu walifunga sambusa za mboga kwenye vitambaa, wakabeba birika la chai ya kijani na kupanda bustani ya mlimani. Mlinzi wa getini aliwakumbusha kwamba maua hayachumwi. Wakamwitikia kwa heshima, wakaendelea na umbea wao.

Mteremkoni, juu ya kidimbwi cha bustani, waume zao walikuwa wameanza kufika. Aliyekwenda Urusi kujenga maghorofa hurudi siku hiyo kwa nyayo tu: nyasi hulala, unyayo hutokea, na ndani yake tulipu nyekundu huchanua papo hapo. Kisha unyayo wa pili mbele yake. Mke huzitambua za mumewe na kutembea naye hadi kileleni akimpa habari za nyumbani. Ua la unyayo wa kwanza huchumwa na kupitishwa kwenye nyusi, kuombea mwakani waonane. Mlinzi hapo hutazama pembeni.

Zulhumor alikuwa na hamu ya kumwona mumewe mpaka kifua kikamuuma. Nusratullo aliondoka binti yao hajaota meno; sasa meno hayo yalikuwa yanang'oka.

"Wifi, kaka yangu hata harusini alichelewa," alisema Oyniso. "Tulishamaliza pilau ndipo bwana harusi akaingia."

Ua likafunguka kando ya kiatu cha Zulhumor. Unyayo wa kushoto. Akalichuma, akalipitisha kwenye nyusi. Uliofuata nao ukawa wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na tundu la duara, la ncha ya gongo, lisilo na ua.

Oyniso alichuchumaa, akapekua nyasi kama anayetafuta hereni.

"Ule mwingine kauacha wapi huyu?" alisema. Alikusudia utani, lakini hakucheka.

Zulhumor akampigia mumewe simu.

"Mama Nigina! Mmeshafika juu?"

"Bado. Miguu yako mizima?"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Mizima. Siku hizi wameniweka getini. Kazi ya kukaa tu."

"Na pasipoti?"

"Bosi anasema atanirudishia jengo hili likiisha."

"Mwaka jana si alisema hivyo hivyo?"

"Lilikuwa jengo lingine."

Zulhumor alitaka kumwambia arudi hivyo hivyo alivyo, kwamba hata nusu yake angeipokea mlangoni. Akamwambia sambusa zimetoka vizuri.

Alipokata simu alihamia upande wa kulia, akashusha bega kidogo, kama anayempa mtu pa kuegemea. Unyayo uliofuata ulichanua mbele zaidi, na tundu la gongo halikutokea. Wakapanda hivyo, taratibu, Oyniso akiwafuata nyuma na birika.

Kileleni nyayo ziliishia zilipoishia za wengine. Wanawake wakamimina chai. Zulhumor alinywa yake akiwa amesimama, bega bado limeshuka.