Jengo Lililogoma Kugeuka

Mtaani walimwita Bi Vipimo, na mwenyewe alilipokea jina hilo kama cheo. Huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na sita akichora ramani za majengo, kwanza kwa penseli na rula, kisha kwa kompyuta ya mezani iliyokaa kwenye kona ya sebule yake. Hata kitambaa cha pazia hakukikata kabla ya kukipima mara tatu. Siku binti yake alipoolewa, alimtazama bwana harusi mara moja tu akasema suti imepwaya mabegani kwa sentimita mbili. Fundi cherehani alipoleta futi, zikawa mbili kamili.

Kompyuta ile ilikuwa na miaka minane. Feni ilipoanza kukoroma, aliibadilisha feni. Kioo kilipoingia mstari mweusi, alibadilisha kioo. Zaidi ya hapo hakuigusa. Msimamo wake ulikuwa kwamba kifaa hubadilishwa kinapochelewesha kazi, si duka linapoleta kipya.

Ndipo ikaja kazi ya wodi ya wazazi. Safari hii kamati ya hospitali haikutaka karatasi peke yake. Ilitaka kuliona jengo limesimama kwenye kioo, lizungushwe, mtu aingie mlangoni na kupita kwenye korido kama yumo ndani. Wachoraji wanne waliiwania kazi hiyo, akaipata yeye. Siku hiyo alitembea kifua mbele mpaka sokoni.

Wiki ya pili mambo yakaharibika. Kila alipotaka kuligeuza jengo, kompyuta iliganda. Kuta zilibaki hewani, nusu ya paa ikapotea, na taa ndogo ya kasha la kompyuta ikapepesa bila kupumzika. Aliweza kwenda jikoni, akaosha vikombe vyote, akarudi na kulikuta jengo palepale.

Jumamosi binti yake alikuja na mumewe. Mkwe alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja, kijana mwenye adabu zake, ambaye mbele ya mama mkwe alipima kila neno kabla ya kulitoa. Alisimama nyuma ya kiti, mikono nyuma, akaangalia jengo likigoma.

"Mama," alisema, "sisemi imezeeka. Nasema tu imetumika vya kutosha."

"Hata mimi nimetumika vya kutosha, mkwe wangu. Utanibadilisha lini?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mkwe alitamani sakafu ipasuke.

"Samahani, mama. Nilikuwa na maana ununue nyingine, nzima. Au kama hutaki, basi tubadilishe kadi ya picha, ile inayochora kwenye kioo. Michoro kama hii inahitaji kadi kubwa. Kila mtu anafanya hivyo."

"Kila mtu amepima?"



Bi Vipimo alifungua daftari lake. Kwa siku tisa alikuwa ameandika humo saa ambayo kompyuta iliganda, alichokuwa akifanya, na dakika alizosubiri. Pia alikuwa amefungua lile dirisha linaloonyesha kompyuta inavyofanya kazi na kunakili kila alichokiona. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, haikuvuka theluthi ya nguvu zake. Kadi ya picha haikufika hata nusu. Lakini kumbukumbu, yaani ile sehemu inayoshika kazi iliyo mkononi, ilijaa pomoni kila jengo lilipofunguliwa zima.

"Meza imejaa," alisema. "Kila nikitaka kuweka karatasi, inabidi kwanza niitoe nyingine niipeleke kabatini. Kabati lenyewe ni hii diski ya zamani, inayotembea kwa magoti. Sasa wewe unataka kuninunulia taa."

Mkwe aliinamia daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili akavuta kiti. Lakini naye alikuwa na fahari ya kazi yake, na hakuwa tayari kushindwa na daftari.

"Tujaribu basi, mama. Ninayo kadi kubwa nyumbani."

"Ilete. Na kumbukumbu za kompyuta yako uje nazo pia. Hatununui kitu ambacho hatujakiona kikifanya kazi."

Alirudi baada ya saa moja. Bi Vipimo alichomoa waya wa umeme, akalaza kasha juu ya meza ya kulia chakula, akagusa chuma chake ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu. Bisibisi alishika mwenyewe. Walianza na kadi. Kompyuta ikawaka, jengo likafunguka, likaanza kugeuka, kisha pap! Giza. Wakarudia, ikazima tena.

"Kifaa cha kuleta umeme humu ndani ni kidogo, hakiibebi," mkwe alikiri. "Kingetakiwa nacho kibadilishwe."

"Na baada ya hicho?"

"Pengine na kasha, mama. Hii kadi imeingia kwa kubanwa."

Bi Vipimo aliitoa kadi taratibu, akairudisha ya zamani mahali pake, akapachika vipande viwili vya kumbukumbu alivyoleta mkwe. Kwa bahati vilikuwa vya aina moja na vyake. Alivisukuma kwa vidole gumba mpaka vikalia ka!

Jengo likafunguka. Akalishika kwa kipanya, akalizungusha. Wodi yote ikageuka kama mlango uliotiwa mafuta: paa, madirisha, vitanda kumi na sita, mpaka bomba la sinki.

"Mama!" binti alipiga kelele.

Mkwe akatikisa kichwa polepole. "Ningekununulisha vitu vitatu usivyovihitaji," alisema. "Na ndiyo kazi inayonilisha."

"Na mwaka kesho nikichora jengo la ghorofa kumi, huenda hiyo kadi nikaihitaji kweli. Nitajua nikipima." Akampigapiga begani. "Umekubali kujaribu, mwanangu. Wengi wangenibishia tu."

Jumatatu alinunua kumbukumbu zake mwenyewe pamoja na diski mpya ya kasi, isiyo na sahani ya kuzunguka ndani, maana lile kabati nalo lilikuwa limekwisha. Vingine vyote aliviacha.

Siku ya kamati, mkwe alimbebea kompyuta hadi kwenye ukumbi wa mikutano wa hospitali. Waliketi wakubwa saba, na mwisho wa meza mkunga mkuu, mama mnene mwenye miwani kifuani. Bi Vipimo aliwaingiza mlangoni, akawapitisha koridoni. Walipofika chumba cha kujifungulia mkunga akanyanyua mkono.

"Simama hapo. Huo mlango, kitanda kinapita. Lakini kitanda na wauguzi wawili pembeni, mmoja ameshika dripu? Hatupiti. Nimegonga viwiko miaka thelathini kwenye milango ya namna hiyo."

Mwenyekiti alianza kusema kwamba marekebisho yataletwa kikao kijacho.

"Hakuna haja," alisema Bi Vipimo. "Nipe upana wa wauguzi wako."

Mkunga aliinuka, akamsimamisha na daktari mmoja wa kamati, wakapanga viti viwili kama kitanda. Bi Vipimo alitoa futi mkobani, akawapima hapohapo huku wengine wakicheka. Alirudi kwenye kipanya. Ukuta ukasogea, mlango ukapanuka, dirisha la pembeni likajisogeza kuupisha. Kisha akakisukuma kitanda kwenye kioo, watu wawili ubavuni, kikapita bila kugusa popote. Haikuchukua hata dakika mbili.

Mkunga alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Kirudishe," alisema. "Nione kinavyotoka."

Kikatoka.

"Haya. Hapo mtu anaweza kuzaa." Akamgeukia mkwe aliyesimama ukutani. "Wewe ndiye fundi? Mashine yako nzuri sana hii. Mpya?"

Mkwe alivuta pumzi. "Ina miaka minane, mama. Na fundi wake ni huyo aliyekaa. Ni mama mkwe wangu."

Alilitamka hilo la mwisho kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Bi Vipimo alijifanya anatafuta kitu kwenye kioo, maana uso ulikuwa umemjaa tabasamu na hakujua pa kulipeleka. Alipolimudu kidogo, aliligeuza jengo upande wa bafu.

"Tuendelee," alisema. "Nani mwingine amewahi kugonga kiwiko?"

Mikono minne ikanyanyuka.