Nepi za Mjukuu

Mama mkwe alisimama mlangoni, akaujaza. Mke wa fundi friji alikuwa na mfuko wa taka mkononi, na mzoa taka alikuwa akimngoja chini na mkokoteni wake.

"Humo kuna nepi za mtoto?"

"Zimo, Mama."

"Zitoe. Taka za huyu bwana zinachomwa. Ukichoma choo cha mtoto, umemchoma mwenyewe. Unataka mume wangu aungue makalio?"

Mume aliyetajwa alikuwa na miezi minne. Alilala chali kitandani, akinyonya ngumi.

Mke wa fundi aliuza kwenye duka la dawa. Kutwa aliwaeleza akina mama kwamba upele wa makalio huletwa na unyevu. Lakini zile nepi alizitoa. Wiki ile moshi wa jalala ulipofunika mtaa, mtoto aliiva mapaja kama nyanya. Jambo hilo hakujua aliweke wapi.

Mumewe alipoulizwa, alicheka. "Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mimi ndiye nyasi. Niacheni nikatengeneze friji."

"Basi niachieni mimi," alisema mama yake.

Tangu hapo alizikusanya nepi mwenyewe, akazifunga kwa vipande vya kitambaa chekundu, akatoka nazo. Mkwewe hakuuliza zilikokwenda. Aliogopa kujibiwa.

Mvua zikaja. Mtaro wa nyuma ukafurika, maji yakaingia kwa mshonaji wa chini, yakalowesha nguo za wateja. Majirani walipoingiza reki mtaroni, zilitoka nepi zilizovimba kama mito, nyingi zimefungwa kitambaa chekundu.

"Hizi za nani?" mshonaji aliuliza.

Mke wa fundi alivitambua vile vitambaa. Kabla hajasema, mama mkwe alisogea mbele.

"Zangu. Za mjukuu wangu. Nisamehe, mwanangu."

Watu walingoja matusi. Mshonaji aliligeuza lile rundo kwa ncha ya ndara.

"Za kitambaa chekundu ni zako. Na hizi nyingine?"

Kila mtu akatazama miguu yake. Mwishowe mshonaji mwenyewe akashusha sauti. "Nyingine ni za binti yangu. Ningezipeleka wapi? Nimchome mtoto?"

Wakamwita mzoa taka. Je, kule jalalani zinachomwa au zinafukiwa?

"Mimi naishia getini," alisema. "Wengine wanachoma, wengine wanafukia. Inategemea."

"Na za mwanao unatupa wapi?"

Alijikuna kichwa. "Hayo anajua mke wangu."

Walicheka, lakini hakuna aliyeondoka akijua zaidi ya alivyokuja.

Ndani, mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kabla ya mumeo nilizaa mwingine," alisema. "Nguo zake chafu zilichomwa na jirani, hakujua. Mtoto hakumaliza wiki."

Mke wa fundi aliketi kando yake. Alijua majina ya homa zinazoua watoto wachanga, angeweza kuyataja yote. Akamshika mkono tu.

Baadaye mshonaji aliwakatia nepi za pamba kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vyake, na mama mkwe akawa anazifua kwenye beseni, anazianika dirishani. Mtaro ukapitisha maji. Za dukani zikabaki za safari tu.

Siku moja mama na mtoto walitoka kliniki na nepi moja iliyotumika ndani ya mkoba. Mke wa fundi alikutana na mkokoteni njiani, akatazama kushoto na kulia, akaitumbukiza katikati ya maganda. Akampeleka mtoto nyumbani, akaenda kazini.

Mteja wa kwanza alitaka dawa ya kikohozi. Akampa ya minyoo. Akaomba radhi, akashika simu.

"Mama, mtoto anaendeleaje?"

"Amelala."

Haikupita muda akapiga tena.

"Bado amelala. Kwani kuna nini leo?"

"Hakuna kitu, Mama. Mguse tu, uone kama ana joto."