Fito za Jumatatu ya Pasaka

Bibi Genowefa Pytlak alikuwa na miaka themanini na moja alipopigwa marufuku kukanyaga nyumbani kwa binti yake. Kosa lake: kumchapa mkwewe, Duane, fito za miguu. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na kwa Wapolandi wa Buffalo, Marekani, siku hiyo mwanamume humwagia mwanamke maji, na mwanamke humlipa kwa fito. Duane si Mpolandi. Alimwaga kikombe, akacheka, akachapwa, kesho yake akaenda mahakama ya familia.

Hakimu naye hakuwa Mpolandi. Akatoa amri ya ulinzi: bibi asimkaribie Duane wala nyumba yake miaka miwili. Miezi minne baadaye binti yake, Halina, akajifungua mtoto wa kike. Bibi akawa anamwona kwenye simu tu, kadogo kama stempu.

"Miaka miwili itapita, mama," wakili wake, Bi Feldt, alimwambia.

"Itapita na nani? Kata rufaa, mwanangu."

"Sawa, ila majaji wa rufaa hawasikilizi mashahidi. Wanasoma yaliyosemwa huku mahakama ya chini. Huongezi neno."

"Hata moja?"

"Hata kukohoa."

Bibi alisikitika kweli. Maneno alikuwa nayo, na mengine alishayafanyia mazoezi.

Wakaketi jikoni kwake kuusoma mwenendo wa kesi, karatasi huku, sahani ya pierogi, sambusa za kuchemsha za Kipolandi, kule. Hakimu alikuwa amemuuliza bibi kama alikusudia kuumiza. Jibu lake lilikuwa pale, neno kwa neno: "Ningekusudia, ningechukua mwiko."

Bi Feldt alijishika kichwa. "Hili watalisoma majaji watano, mama."

"Watacheka."

"Hawalipwi kucheka."

Ukurasa uliofuata, Duane mwenyewe: "Mila naijua, ndiyo maana nilimwaga maji kwanza. Nilikuwa nacheka mpaka mama mkwe aliposema supu yangu ni maji ya kudekia."

Bi Feldt akaweka uma chini. "Kumbe kesi ni ya supu!"

Siku ya rufaa bibi alijifunga mdomo kwa peremende.

"Mteja wako hakutaja mwiko?" jaji mmoja aliuliza.

"Aliutaja, mheshimiwa. Hakuuchukua."

Wiki sita baadaye jibu likaja: nia ya kumsumbua Duane haikuthibitishwa, amri imefutwa.

"Lakini karatasi hii haimlazimishi Duane kufungua mlango," Bi Feldt alionya.

Bibi akapiga simu. Akapokea Duane.

"Duane, baba, ile supu ilipungua chumvi tu."

Mtoto akasikika akilia kwa nyuma.

"Njoo saa saba, mama. Uondoke saa tisa."

"Saa kumi na moja."

"Tisa na nusu. Na hufunui sufuria hata moja."

Bibi akawaza. Hata hakimu hakuwa mkali hivi.

"Nakuja," akasema, mguu mmoja umeshaingia kwenye buti.