Uzio wa Nová Lhota

Vincenc Orsak hakuwa mtu wa kusali, na hakuficha. Lakini Wacheki wa Nová Lhota, kijiji cha wahamiaji huko Texas, walipotaka kujenga kanisa, ni yeye aliyekata kipande cha shamba lake la pamba akawapa bure, cha kanisa na cha makaburi. Mkewe Apolena ndiye aliyemwomba. Vincenc alicheka akasema sawa, maiti watakuwa majirani wapole kuliko hawa walio hai.

Alikuwa seremala, na upande ule wote wa Texas haukuwa na seremala wa kumshinda. Akapanda juu ya paa la kanisa pamoja na wenzake. Mwezi wa Machi, siku ya kupigilia mbao za mwisho, mguu uliteleza, akaanguka na kufa palepale mbele ya mlango.

Apolena alidhani angalau kaburi halitakuwa na mjadala. Lakini Valent Mikeska, mzee wa kanisa, alimjia na kofia mkononi.

"Dada Apolena," akasema, "ardhi ilikuwa yake, hilo hatukatai. Lakini padri ameshaibariki. Mtu asiyeungama hazikwi humo."

"Amekufa akiwaezekea kanisa lenu, Valent."

"Mwenyewe alisema mtu akifa ni udongo tu. Udongo uko kila mahali."

Watu waliokuwa nyuma yake walitazama viatu vyao. Mmoja alicheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa.

Basi Vincenc akazikwa nje ya uzio, hatua nne kutoka kwenye nguzo, mahali ng'ombe walipopita. Aliyefika kumsaidia Apolena kuchimba na kufukia alikuwa mmoja tu: Rozina, mke wa Valent mwenyewe. Alikuja na sepetu na mkate wa Kicheki wa mbegu za mpopi chini ya kitambaa, akachimba mpaka viganja vikachubuka, akaenda nyumbani kupokea matusi ya mumewe.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Kijito kikabaki tope la kijani, na visima vikakauka kimoja baada ya kingine. Kilichobaki na maji kilikuwa cha Orsak, ambacho Vincenc alikichimba kupita mwamba wakati wenzake walipokata tamaa. Wiki tatu Apolena aliwaachia watu wateke wapendavyo. Walikuja na mapipa juu ya mikokoteni, wakateka, wakaondoka, na mikokoteni ikapita juu ya kaburi la Vincenc kwa sababu ndiyo ilikuwa njia ya mkato.

Siku aliyoona alama za magurudumu juu ya kile kifusi, Apolena alifungua kamba ya kisima akaiingiza ndani ya nyumba. Akaketi ukingoni, bunduki ya mumewe mapajani. Valent alipokuja na pipa, Apolena alimwambia kwamba watapata maji wakisogeza uzio, mpaka Vincenc awe ndani kama wengine.

Valent akajibu kwamba hilo ni la padri, na padri haji mpaka Septemba.

"Basi subirini Septemba," akasema Apolena.

Wakakaza shingo. Siku sita watu wazima walikunywa tope la kijito wakiwapa watoto wao tope hilohilo, ili tu mwanamke mmoja asishinde. Siku ya tano watoto wakaanza kuhara damu. Siku ya sita, jua likiwa utosini, Rozina akaja peke yake na ndoo tupu.

"Filomena ni mgonjwa," akasema. Filomena alikuwa binti yake, wa miaka minne. "Nipe ndoo moja, sitamwambia mtu."

Apolena alitaka kusimama. Magoti yake yalikuwa tayari. Lakini alimwona Valent kwa mbali, kando ya uzio, mikono kifuani, akingoja kuona kama atalegea.

"Mwambie mumeo ashike sepetu."

"Mimi nilikuja siku ile, Apolena. Nilikuja peke yangu."

"Najua."

Rozina akageuka na ndoo yake tupu.

Kesho yake wanaume walizing'oa nguzo, Valent akiwa wa kwanza. Mchana uzio ulikuwa umemzunguka Vincenc. Apolena akarudisha kamba, akateka maji kwa mkono wake, akayapeleka mpaka kwa Mikeska. Yalipokelewa mlangoni. Filomena alikunywa, lakini siku mbili baadaye akafa. Nafasi pekee iliyokuwa wazi makaburini ilikuwa ile iliyoongezwa uzio uliposogezwa, hivyo wakamlaza ubavuni mwa Vincenc.

Mvua ilipokuja, visima vikajaa, na hakuna aliyehitaji tena maji ya Orsak. Ni Rozina tu aliyeendelea kuja. Kila asubuhi aliteka ndoo moja kisimani humo, akaibeba mpaka kizingitini kwa Apolena, akaimwaga chini, akaenda zake.

Apolena alivumilia mwezi, kisha akamfuata nje.

"Nikwambie nini, Rozina?"

"Usiniambie kitu. Kaa hapo utazame."

Alitazama majira yote ya baridi. Masika akaliuza shamba kwa bei ya kutupa kwa familia iliyoshuka juzijuzi kutoka meli katika bandari ya Galveston, akapanda mkokoteni kuelekea magharibi, ambako hakumjua mtu. Kaburi la Vincenc aliliacha likiangaliwa na Valent Mikeska, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa mzee wa kanisa.